Kwani Huyu Bibi Hana Jirani?

Jioni moja ya mwezi wa Shaabani, katika uwa wa nyumba moja ya Kikwajuni, mwanafunzi wangu wa zamani alikuwa amesimama peke yake mbele ya ukuta, amejifunga kanga moja kiunoni na nyengine kaitupa begani, akisema maneno ambayo mimi na yeye tulikuwa tumeyaandika na kuyafuta kwa muda wa miezi mitano. Alikuwa akimwigiza Bibi Titi Mohamed, mwanamke aliyepigania uhuru wa Tanganyika katika chama cha TANU, katika mchezo wa mtu mmoja. Watazamaji walikuwa wanane, na wawili kati yao ni watoto walioingia kwa sababu tu mlango ulikuwa wazi. Alipofika pale ambapo Bibi Titi, akiwa gerezani, anakumbuka aliporudi usiku kutoka mkutanoni na anawaza kwa sauti juu ya siasa, ndoa na wanawake wa ngoma, bibi mmoja wa mtaani aliyekuwa amekaa kitako jamvini akamgeukia mwenzake na kumuuliza, wala hakujisumbua kunong'ona: "Kwani huyu bibi hana jirani?"

Watu wakacheka. Msichana wangu, ambaye ana moyo kuliko mimi, akaendelea mpaka mwisho. Mimi usiku ule sikulala vizuri. Nilijiambia kwamba bibi yule hakuzoea michezo ya namna hii na kwamba angezoea. Kisha siku ya pili yake, nikiwa nafua, nikatambua kwamba ameuliza jambo ambalo ilinipasa niwe nimelijibu kabla sijaandika mstari wa mwanzo. Mtu anayesema peke yake kwa saa nzima anamwambia nani? Hapa Unguja mwanamke akisikika anazungumza peke yake uwani, jirani huchungulia kuuliza kulikoni. Na ikiwa mwanamke huyo alikuwa mtu wa siasa, yaani mtu ambaye kazi yake yote ilikuwa kusema na watu, kubishana nao, kuwabembeleza na kuwahesabu, basi kumpandisha jukwaani bila ya mtu mwingine ni sawa na kumpeleka mvuvi baharini bila ya wavu.

Hata hivyo michezo ya mtu mmoja juu ya wanawake wa siasa imekuwa mingi, hasa Marekani, na sababu ya kwanza si ya kisanaa hata kidogo. Mchezaji mmoja hulipwa ujira mmoja, hula sahani moja, na akitakiwa Pemba hukatiwa tiketi moja ya boti. Kwetu ipo na sababu ya pili, ambayo sikuitarajia: baba wa msichana huyu, ambaye asingekubali binti yake ashikwe mkono na mwanamume mbele za watu kwa kisingizio cha sanaa, aliridhia mara moja aliposikia kwamba katika mchezo wetu hamna mwanamume. (Hilo lina mazungumzo yake marefu, nami nitaliacha lilale kwa leo.)

Baada ya aibu ile ya Shaabani nilirudi kuitazama upya michezo niliyokuwa nikiijua kwa maandishi na kwa picha zilizorekodiwa, safari hii nikiwa na jambo moja tu la kutafuta: jirani yuko wapi?

Nilianza na mchezo uitwao Ann, ambao Holland Taylor aliutunga na kuucheza mwenyewe juu ya Ann Richards, gavana wa Texas kuanzia 1991 hadi 1995. Mchezo huo ulifika Broadway mwaka 2013, katika ukumbi wa Vivian Beaumont jijini New York, miaka saba baada ya Richards kufariki. Richards alikuwa mwalimu kabla ya kuwa mwanasiasa, mama wa watoto wanne, mtu aliyekunywa pombe mpaka ikamtia aibu na akaiacha mwaka 1980, na mwenye ulimi ambao taifa zima liliusikia katika mkutano mkuu wa chama chake mwaka 1988. Mwaka 1994 alishindwa na George W. Bush. Hayo yote yangeweza kuwa masimulizi tu, na kwa kweli sehemu ya mwanzo ni hotuba anayowapa wahitimu wa chuo, ambayo inachekesha lakini haitofautiani sana na hotuba yoyote ya mtu mcheshi.

Mambo hubadilika anapoingia ofisini, kwa sababu ofisini mna simu. Anampigia huyu, anamkemea yule, anazungumza na Rais Clinton, anapanga mambo ya familia, na katikati ya yote hayo sauti ya katibu wake inasikika kutoka chumba cha pili, sauti ya mwigizaji Julie White iliyorekodiwa, bila ya sisi kumwona mwenyewe. Tunapata nusu ya kila mazungumzo, na nusu ya pili tunaijaza wenyewe. Kazi hiyo hakuna asiyeiweza. Umo ndani ya daladala, abiria wa mbele anagombana na simu yake tangu Amani, na mkifika Darajani gari zima limeshajua mume kafanya nini, shemeji kasema nini na nani mwenye makosa, ilhali hakuna aliyesikia neno hata moja la upande wa pili. Taylor aliyatumia masikio hayo hayo. Ninamwona Richards akiwa gavana hasa pale anaponyamaza na kusikiliza simu, uso unakunjuka na kukunjamana, kuliko anapotupa vichekesho vyake.

Mchezo wa pili unanitia taabu. William Gibson aliandika juu ya Golda Meir, aliyekuwa waziri mkuu wa Israel, mara mbili. Mara ya kwanza, mwaka 1977, aliuita Golda, akaujaza waigizaji, na Anne Bancroft ndiye aliyekuwa Golda. Haukudumu ila miezi michache. Mara ya pili alikuwa mzee wa karibu miaka 90. Akawaondoa watu wote, akamwacha mwanamke mmoja tu, Tovah Feldshuh, na mchezo huo, Golda's Balcony, ukakaa Broadway kuanzia Oktoba 2003 hadi Januari 2005, ukaonyeshwa mara 493, na kuvunja rikodi ya Broadway kwa michezo ya mwanamke mmoja. Mtunzi ni yule yule, mhusika ni yule yule, na Bancroft hakuwa mwigizaji wa kubezwa. Nadhani ule umati wa mwanzo ulimpunguza Golda akawa mmoja wa watu waliomo chumbani, na Gibson akaja kutambua kwamba alichokuwa akikitafuta ni mwanamke mzee, mgonjwa, anayevuta sigara na kukumbuka vita vya Oktoba 1973 saa ambazo hakuna wa kumsaidia kuamua.

Kuna roshani mbili katika jina la mchezo huo. Moja ni ya nyumbani kwake Tel Aviv, inayotazama bahari. Nyingine ni ya kule Dimona, kwenye kinu cha nyuklia, ambako wageni wakubwa walisimama kutazama kinachotengenezwa chini. Ni jina lililofikiriwa, na ufundi wa Feldshuh haufichiki, kwani kinywani mwake wanapita Ben-Gurion, Kissinger na wengine wengi, kila mmoja na lafudhi yake. Lakini kila niutazamapo huinuka nimekereka, na kukereka kwangu si kwa kuwa jina la Golda Meir likitajwa katika baraza yoyote ya hapa Mjini kahawa hupoa. Nimekereka na ufundi wenyewe. Wote wanaosema wanasema kwa idhini yake. Hata anayempinga humpinga kwa pumzi yake yeye. Mwaka 1969 mwanamke huyu alinukuliwa na gazeti la London akikana kwamba palikuwa na kitu kiitwacho watu wa Palestina. Hao ndio waliokuwa jirani zake hasa, ukuta kwa ukuta, na mchezo wa mtu mmoja humrahisishia mno kufanya jukwaani kile kile alichokifanya gazetini. Historia yenyewe ilikuwa karimu zaidi kuliko jukwaa: Mei 1948 Golda alisafiri kwa siri mpaka Amman kuonana na Mfalme Abdullah, naye alikwenda amevaa mavazi ya mwanamke wa Kiarabu. Alimvaa jirani ili apite njiani. Mimi ningekuwa mtunzi, ningeanza na nguo hiyo.

Bibi wa Kikwajuni angefurahi zaidi Chicago. Mwaka 2020, corona ilipofunga kumbi, Goodman Theatre, ukumbi wa michezo wa huko, waliuchukua mchezo wa Cheryl L. West juu ya Fannie Lou Hamer, mpigania haki za Wamarekani weusi, wakaufupisha, na mwigizaji E. Faye Butler akaucheza katika bustani za mitaani, watu wameketi kwa kuachiana nafasi. Mwaka uliofuata mchezo mzima ukaingia ukumbini. Hamer alizaliwa Mississippi mwaka 1917, mtoto wa mwisho kati ya 20, akachuma pamba tangu utotoni. Mwaka 1962 alikwenda kujiandikisha kupiga kura, akafukuzwa shambani alikokuwa akifanya kazi. Mwaka 1963 alipigwa jela mpaka akabaki na ulemavu. Agosti 1964 alikaa mbele ya kamati ya chama cha Democratic, Atlantic City, akaeleza yote hayo, na Rais Johnson kwa kuogopa maneno ya mchuma pamba akaitisha ghafla mkutano na waandishi wa habari ili kamera zimgeukie yeye. Usiku wake vituo vya televisheni vikaurusha ushahidi wa Hamer kwa nchi nzima.

Ukimtia mwanamke kama huyo bustanini, wapiga ngoma na gita wakiwa pembeni, na yeye akaanzisha nyimbo ambazo watazamaji wanazijua tangu kanisani, suala la jirani halipo tena, kwa sababu jirani wanaimba. Hamer hakuwahi kusema peke yake hata siku moja. Mchezo unaomheshimu humwachia watu wa kuitikia.

Na hapa ndipo nilipojiona mjinga. Nilikwenda kutafuta Texas na New York kitu ambacho mama zangu wanacho. Katika taarabu anaimba mtu mmoja, lakini asiyejua kwamba wimbo una wenyewe wawili ni mgeni wa mji. Mwanamke anainuka kitini, noti kaishika kwa vidole viwili, anapita mbele ya watu polepole kwenda kumtunza mwimbaji hasa pale beti linapogusa, na njiani macho yake yanamtazama mtu fulani aliyekaa safu ya tatu. Beti ni la mtunzi, sauti ni ya mwimbaji, na ugomvi ni wa yule mwenye noti. Bibi akitutolea hadithi usiku huanza na "Paukwa", na hawezi kwenda mbele mpaka tumwambie "Pakawa". Sisi hatuna utamaduni wa mtu kusema na kiza.

Kabla sijasema tulivyourekebisha mchezo, ni lazima nikiri kwamba Bibi Titi hakuwa chaguo letu la kwanza. Tulianza na Sayyida Salme binti Said, binti wa Sultani wa Zanzibar, na nilikuwa na kurasa zaidi ya ishirini. Ni nani mwandishi wa Unguja asiyemtamani? Alizaliwa Mtoni mwaka 1844, akajifundisha kuandika kwa siri kwa kunakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia, na kwa sababu hiyo, akiwa na umri wa miaka 15 tu, akawa katibu wa njama za ndugu yake Barghash dhidi ya ndugu yao Sultani Majid mwaka 1859. Barghash alipozingirwa na askari nyumbani kwake, dada zake walimtoa amefunikwa nguo za kike, akapita mbele ya walinzi kama mwanamke miongoni mwa wanawake. Hebu fikirini mwigizaji mmoja wa kike anayemwigiza mwanamume anayeigiza mwanamke! Baadaye Salme alikimbilia kwa mfanyabiashara wa Hamburg, akabatizwa Aden, akafiwa na mume mwaka 1870, na mwaka 1885 akarejea mbele ya Unguja ndani ya meli za Kijerumani, Bismarck akimtumia kama karata. Siasa ilimtumia, na yeye aliitumia.

Lakini kumbukumbu alizochapisha mwaka 1886 zina kurasa za kuutetea utumwa, tena si kwa kuteleza. Niliziruka. Nikajiambia kwamba saa moja ni fupi, huwezi kueleza kila kitu. Msichana wangu akazisoma mwenyewe, akaja nyumbani Ijumaa baada ya sala, akaniamkia, akakaa, akanywa chai yake mpaka ikaisha, ndipo akasema: "Mwalimu, mimi katika hadithi hii nafikiri ningekuwa yule anayechota maji." Sikuwa na jibu. Anayechota maji Mtoni hana mstari hata mmoja katika kurasa zangu ishirini, na umbo nililolichagua lilikuwa limenipa ruhusa ya kumsahau bila hata ya kuona kwamba nimesahau. Kurasa zile zimo ndani ya bahasha. Huenda siku moja nikaziandika upya kutoka upande wa mtungi.

Tukahamia kwa Bibi Titi. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, akawa mwimbaji wa ngoma, na mwaka 1955 TANU ilipotafuta mwanamke wa kuwaita wanawake, yeye, mwenye kadi nambari 16, aliwaendea kupitia vikundi vile vile vya ngoma alivyovijua. Chama kilikuwa na wanaume wenye hotuba. Wanawake walikuwa na orodha za waalikwa. Baada ya uhuru akawa naibu waziri. Mwaka 1965 akapoteza kiti cha ubunge. Mwaka 1967 Azimio la Arusha lilipowakataza viongozi kupangisha nyumba, yeye aliyekuwa na nyumba za kupangisha akajiuzulu uongozi wa chama. Mwaka 1969 akakamatwa kwa tuhuma za uhaini, mwaka 1970 kesi ikasikilizwa, akahukumiwa kifungo cha maisha, na mwaka 1972 akaachiwa kwa msamaha wa rais. Alifariki Novemba 2000, na leo barabara kubwa ya Dar es Salaam ina jina lake.

Rasimu yetu ya mwanzo, ile iliyoulizwa jirani, ilimweka gerezani akikumbuka. Gereza ni hila ya mtunzi mvivu: linaeleza kwa nini mtu yuko peke yake, na kwa hiyo mtunzi halazimiki kufikiri. Tuliitupa, na Ramadhani nzima, baada ya tarawehe, tukawa tukiandika upya sebuleni kwangu huku mabakuli ya futari hayajaoshwa.

Mchezo mpya unafanyika uwani, nyumbani kwake, baada ya yote. Yupo juu ya mbuzi, anakuna nazi. Kilichotupa shida ni kuamua nazi ngapi, kwani kizio kimoja huisha upesi kuliko mtu anavyodhani, na nazi ya mazoezi ni pesa. Tulimaliza na vizio vitatu. Mkono ukienda taratibu anakumbuka ngoma. Anapofika kwenye kesi, meno ya mbuzi yanalia mpaka mtu anahofia vidole vyake. Mbele yake kuna kigoda kitupu, nacho kinatazama upande wa watu. Maswali yote tuliyokuwa tumemfanya ajiulize na kujijibu mwenyewe tuliyakata majibu. Msichana alipewa amri moja ngumu kuliko kukariri: ukiuliza, nyamaza, kuna nazi, ngoja.

Tuliucheza katikati ya Mfungo Mosi, uwa ule ule. Walikuja watu wapatao arobaini, wengine wamesimama kibarazani. Bibi yule wa jamvini alikuja mapema, akakikuta kigoda kitupu, akakivuta na kukikalia kabla sijapata la kusema, na msichana wangu, Mungu ampe maisha marefu, akamwachia.

Ilipofika sehemu ya nyumba, Bibi Titi wetu akauliza kama mwanamke aliyejenga kwa jasho lake anastahili kuambiwa achague kati ya nyumba na chama, akarudi kwenye nazi yake. Mkwaruzo, kimya, mkwaruzo. Nikahesabu mpaka tisa. Kisha kigoda kikasema: "Mimi nisingewapa hata bati." Sauti ya pili, ya mama mmoja kutoka mlangoni, ikajibu kwamba kiongozi ni kiongozi, ukitaka kodi usitake uongozi. Wa tatu akauliza wanaume waliokuwa na nyumba zao waliambiwa nini. Bibi wa kigodani akaghadhibika, akasema kwamba 1957 hapa Unguja wanawake hawakupiga kura, wanaume ndio waliokwenda, na 1961 walipokwenda wao, yeye alipanga foleni tangu alfajiri na mtoto mgongoni, na mpaka leo hakuna aliyemuuliza alimpigia nani. Watu wakamwuliza. Akasema hasemi.

Haya yalichukua robo saa, na katika maandishi yetu yalikuwa mstari mmoja mtupu. Msichana hakuinua macho. Aliendelea kukuna, akakung'uta kizio, akachukua kingine, na fujo ilipopungua akaingia kwa sauti ya chini na sehemu ya kukamatwa, na watu waliokuwa wakipigiana makelele wakanyamaza kwa pamoja.

Nimeona makosa. Sehemu ya uhuru ni ndefu, na ile kanga ya pili haina kazi tena ijapokuwa tuliinunua kwa ajili ya mchezo. Itabidi pia tufikirie la kufanya siku ambayo watazamaji watakuwa wageni, wakaulizwa na wasijibu.

Tulipokuwa tukikunja majamvi, yule bibi akaja na bakuli lake kutoka nyumbani, akaitazama nazi iliyokunwa sinia zima, akamwuliza msichana kama Bibi Titi ana kazi nayo. Akaambiwa hana. "Basi nipe nikapikie wali," akasema, akaikomba yote, akaondoka nayo.